Magunia Yaliyorudi Mtoni

Rehema wangu,

Umeenda Golbanti kumuaga nyanya yako na nyumba imenyamaza, ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika. Mambo ya safari sitayagusa. Nguo umepanga mwenyewe, na dawa, na makaratasi yako, wala hukutaka nikusaidie. Sikulaumu. Tangu siku ile uliponionyesha simu yako tumekuwa tukizungumza kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja: chumvi iko wapi, nani amefungia kuku. Kesho unaondoka, na sitaki uende ukidhani mama yako alikasirika kwa sababu anakuonea wivu. Ulisema hivyo. Pengine umeshasahau, lakini ulisema.

Uliingia mbio, ukaniketisha, ukasema, "Mama, wamenichukua." Nikakuuliza nani. Ukafungua video, nami nikajiona. Nimevaa glavu, nimeinua chupa juu, nacheka mpaka magego yanaonekana. Nyuma yangu ni mto na ile mashine ya kuzoa plastiki inafanya kazi. Mwanamume anasema kwa Kiingereza kwamba watu wa mto Tana wameiokoa bahari. Halafu ukanieleza kwamba wenye mashine wanakupeleka ng'ambo ukasomee kuunda mashine kama hizo, na kwamba katika watu wote walioomba walikupenda wewe kwa sababu ni mtoto wa yule mama wa kwenye video. Ulingoja nipige vigelegele. Nikasema, "Huendi," nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Nataka ujue nilikuwa nakimbia nini. Sehemu yake unaijua. Lakini wakati mabaya yenyewe yanatokea wewe ulikuwa bwenini, nami nilikuficha mengi kwa sababu ulikuwa na mitihani, na baadaye nikaendelea kuficha kwa sababu nilishazoea.

Mashine ilipokuja, baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa nalima mpunga na kuuza ndizi Garsen, na siku nyingi nilirudi nazo nyumbani zikiwa nyeusi. Mto nao ulikuwa umetuchosha. Kila maji yalipopanda yalituletea uchafu wa miji yote iliyo juu yetu, Garissa na Hola na Garsen yenyewe tunakokwenda sokoni: chupa za soda, pakiti za sabuni, kandambili moja moja, daipa za watoto tusiowajua. Ukifungulia maji yaingie kwenye mpunga, yanaingia na hayo yote. Kwa hiyo watu wa mradi walipokuja kwenye baraza la chifu wakasema wataweka chombo cha kuzuia plastiki isifike Kipini na baharini, mimi sikuhitaji kushawishiwa. Nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza kueleza kazi.

Unaikumbuka ilivyokuwa. Mstari wa maboya umelazwa mshazari kutoka ukingo huu hadi karibu na ule, chini yake wavu, na takataka zinasukumwa na maji yenyewe mpaka pembeni, kwenye jukwaa linaloelea. Hapo mkanda unazibeba juu na kuzimwaga kwenye kizimba. Hakuna moshi, hakuna kelele, ni jua tu linalopiga zile paneli. Wazee walikuja kutazama wakakaa hadi njaa ikawarudisha. Wewe ulikuwa ukija likizo unashinda huko na Mhandisi Daudi, kijana mpole wa kutoka Kisumu aliyeletwa kuiangalia. Siku moja alikuachia spana ukakaza nati, ukarudi nyumbani na grisi mpaka kwenye nyusi ukakataa kuoga. Sijasahau furaha yako ile. Ndiyo maana sikuweza kukwambia mengine.

Na mimi nilifurahi, Rehema. Nisikudanganye eti niliona mbali. Waliniweka kiongozi wa akina mama wa kuchambua. Tulikaa chini ya turubai tukitenga chupa za wazi na za rangi, vifuniko mbali, madumu mbali, na daipa tukazifukia tukiwa tumejifunga leso puani. Tulishindilia kwenye magunia, tukayashona kwa uzi wa buluu waliotuletea, tukayapanga kwenye yadi palepale ukingoni. Maji ya mto yakaanza kuonekana. Watu wa Kipini walituma salamu kwamba nyavu zao zinatoka na samaki. Nilipokwenda kanisani nilisalimiwa na watu ambao zamani walikuwa wakinipita.

Lori la kuyachukua magunia kuyapeleka Mombasa kusagwa lilikuja mara ya kwanza, tukaimba. Likaja mara ya pili, likachukua nusu. Halikurudi tena.

Nilimuuliza Daudi, akasema barabara imeharibika baada ya mvua, lori linakuja. Nikamuuliza mkubwa wake, yule mama wa Nairobi aliyekuwa akija na gari refu jeupe. Alinishika bega akasema, "Mama Rehema, wewe ndiye moyo wa mradi huu. Usiwe na wasiwasi, tunalifanyia kazi." Nikaondoka hapo nimejaa kama mtu aliyepewa zawadi. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba sijajibiwa. Kesho yake sikurudi kuuliza. Baadaye nikasikia kwa dereva wao kwamba mnunuzi wa Mombasa ameyakataa magunia yetu, anasema plastiki ya mtoni ina matope na haifai, na hakuna mwingine aliyetafutwa. Hata hapo sikuuliza. Magunia yalikuwa yamepita urefu wa paa la turubai, na sisi tunaongeza.

Nyanya yako ndiye aliyeniandama. Shamba lake, unajua, liko chini kidogo ya pale yadi ilipokuwa. Akanikuta siku moja nashona gunia, akasimama.

"Esta, haya mtayaweka mpaka lini?"

"Lori linakuja, Mama."

"Maji yakija kabla ya lori?"

"Mama, hawa ni watu waliosoma. Wamepiga hesabu ya maji."

Akatia jembe begani, akaenda zake. Nilikuwa na wageni wa kupiga video siku hiyo na niliona haya kwamba amekuja na jembe na nguo za matope. Hiyo ndiyo siku waliyonipiga ile picha unayoijua. Ukiitazama tena, ujue kwamba mama yangu ametoka tu pale, amenipa mgongo, na mimi nacheka.

Mvua zilipoanza huko juu, redio ikatangaza kwamba mabwawa yamejaa na maji yanafunguliwa. Watu wa mradi walikuja haraka, sijapata kuwaona na haraka hiyo. Walileta winchi, wakafungua maboya, wakaivuta mashine mpaka kwenye ardhi ya juu karibu na shule, wakaifunga kwa minyororo na kuifunika. Tuliwasaidia kuvuta, wanaume kwa wanawake, kutwa nzima. Walipomaliza nikamwendea Daudi, nikamwambia, "Na magunia?" Akayaangalia yale magunia, akaliangalia gari. Akasema, "Nimeshawapigia simu, Mama. Wanasema tuokoe vifaa kwanza." Basi tukajaribu wenyewe. Tulibeba kichwani, akina mama saba na vijana wachache wa pale, na matope yanatuingia magotini. Tulichohamisha ni kidogo cha kuaibisha. Jioni maji yaliingia yadi, na mimi nilisimama juu pale shuleni, kando ya mashine iliyofunikwa vizuri, nikayaona magunia yanainuka. Hayakubebwa kwa kishindo. Yaliinuka polepole, moja likagusana na jingine, yakazunguka kidogo kama yanatafuta njia, kisha yakaondoka.

Kazi yetu yote ilipita mbele ya macho yangu kwa muda wa mtu kula chakula. Mengine yalikwenda moja kwa moja mpaka Kipini na baharini. Kule ambako kila chupa ingefika peke yake, kwa miaka, sisi tulipeleka zote pamoja, zimeshonwa. Mengine yalipasuka kwenye miti na maji yakayatawanya mashambani.

Maji yalipopungua, shamba la nyanya yako lilikuwa jeupe. Nilidhani ni chumvi. Ni vifuniko, Rehema, na vipande vya chupa, vimelala juu ya mpunga uliooza, vimeingia kwenye tope mpaka ukikanyaga vinalia. Nilimkuta ameinama anaokota anatia kwenye ungo wa kupepetea. Nikainama pembeni yake. Tulifanya kazi mpaka mchana hajasema lolote, na ningefurahi angenitukana. Mwishoni alisema tu, "Hivi ni vya rangi. Mlikuwa mkivitenga na vya wazi, sivyo?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuokota.

Watu wengine hawakuwa kama yeye. Nilipopita njiani walikuwa wakiniita mama takataka, na watoto wao wakajifunza. Wenzangu wa kuchambua waliacha kuja kwangu. Kwenye baraza nilisimama nieleze kwamba niliuliza habari za lori, mzee mmoja akasema, "Uliuliza, ukajibiwa, ukanyamaza, ukaendelea kulipwa. Keti." Nikaketi, kwa sababu hakuna neno lake lililokuwa la uongo.

Halafu akaja Guyo. Humjui, ni Muorma anayeleta ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, kwao ni karibu na Garsen. Unajua hali yetu na wafugaji ilivyokuwa miaka ile, watu walivyokuwa wakilala na masikio wazi. Kwa hiyo nilipomwona anakuja kwangu asubuhi, peke yake, bila hata fimbo, majirani walitoka kwenye milango. Alikuwa amebeba kitu kwenye kipande cha turubai. Akakiweka chini mbele yangu, akakifungua. Kilikuwa donge kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye majimaji, linanuka. Ni plastiki iliyosokotana na nyasi, na katikati yake uzi wa buluu.

"Hii toka tumbo ya ng'ombe yangu," alisema. "Ile ya maziwa. Nimekata mimi mwenyewe, nione nini imeua yeye."

Niliinama nikaushika ule uzi.

"Watu wanasema uzi hii ni ya nyinyi."

"Ni wetu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeshona."

 Nilidhani sasa itakuwa vita, na itakuwa juu yangu. Kisha akasema, "Mimi sitaki kugombana na mama mjane. Nataka mwenye mashine. Wewe unajua mahali anakaa. Twende."

Tulikwenda naye Garsen, mimi na huyo mtu niliyekuwa nimeogopa maisha yangu yote watu wa namna yake, tumekaa kiti kimoja nyuma ya pikipiki, donge likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ofisi ya mradi ilikuwa imefungwa. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, alama za misumari zinaonekana ukutani. Mlinzi alitwambia walihama wiki iliyopita, na mashine imepakiwa kwenye lori inakwenda mto mwingine, nchi nyingine. Guyo akauliza mara mbili kama amesikia vizuri: lori? Mlinzi akasema ndiyo, lori kubwa, barabara imekauka sasa.

Guyo aliliweka lile donge kizingitini pa ofisi, akalipanga vizuri kama mtu anayeacha mzigo wa mwenyewe. Tukarudi.  Tuliposhuka kwangu alisema, "Mama, kosa iko. Lakini si yako peke yako." Hilo ndilo neno jema pekee nililolisikia mwaka ule, na lilitoka kwa mtu niliyemuulia ng'ombe.

Nilimpigia Daudi. Alipokea, na nilisikia kwamba hataki kupokea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, mashine ilikuwa kwenye mpango. Magunia hayakuwa kwenye mpango."

"Mpango wa nani?"

"Wa watu waliotoa fedha. Walitaka plastiki itoke mtoni. Ilitoka. Baada ya hapo hawakuuliza."

"Na wewe uliuliza?"

"Niliuliza kama wewe ulivyouliza, Mama."

Nikakata simu. Nilimchukia kwa muda, nikaacha, kwa sababu kumchukia yeye ilikuwa ni kazi rahisi mno.

Basi hicho ndicho nilichokuwa nacho ulipoweka ile simu mbele yangu. Chini ya video kuna hesabu ya uzito wa plastiki iliyotolewa kwenye mto wetu, kwa tarakimu kubwa. Ni hesabu ya kweli, mimi mwenyewe nilikuwa pale kwenye mizani. Lakini hakuna mtu aliyepunguza humo yale yaliyorudi mtoni. Mpaka leo wanaionyesha, na ndiyo iliyowapatia fedha za kukusomesha wewe. Nimeligeuza hilo kila upande siku hizi zote, na kila upande linachoma.

Lakini nimeondoa neno langu. Nenda. Sijakukubalia kwa kuwa wametubu. Hawajatubu, hawajui hata kama kuna cha kutubu. Nenda kwa sababu mashine yenyewe haikuwa uongo. Ilifanya kazi yake vizuri kuliko sisi watu. Mto ulikuwa safi, nimeuona, na bahari ya Kipini ilipumua, na yule mtoto aliyejaa grisi kwenye nyusi alikuwa anapenda kitu cha kweli. Sitaki uchungu wangu ukunyang'anye hicho. Nikikunyang'anya, watakuwa wamechukua kila kitu.

Kinachonitisha siyo kwamba watakutesa huko. Watakupenda. Wataliharibu jina lako wakilitamka na watakuomba radhi, watakuketisha mbele, watakushika bega. Wewe una sura ya kupendwa, umeichukua kwa baba yako. Na siku utakapouliza jambo lililo la lazima, utajibiwa kwa upole mpaka uone haya kuliuliza tena. Mimi sikunyamazishwa na mtu yeyote, Rehema. Sikutishwa, sikuhongwa. Niliambiwa mimi ni moyo wa mradi. Ilitosha.

Sijui nikufundishe nini juu ya hilo, maana mimi nilishindwa. Labda uzoee tu kuonekana msumbufu. Utakapochora mashine yako, mtu atakwambia inatoa plastiki nyingi kiasi gani kwa siku. Muulize inakwenda wapi siku ya pili. Akikujibu vizuri, muulize siku ya tatu. Usiogope kuonekana huna shukrani. Mimi nilikuwa na shukrani nyingi sana.

Jambo la mwisho, halafu nifunge, maana nasikia mbuzi wa jirani wanarudi na wewe hutachelewa.

Jana mtu wao alinipigia. Anaongea vizuri, ananiita mama. Kesho gari lao litakapokuja kukuchukua litakuja na kamera. Wanataka unikumbatie mlangoni, mimi nimevaa leso nzuri, kisha nisimame nikupungie mpaka gari lipotee. Alisema nikijisikia kulia nisijizuie, itagusa watu. Nilimuuliza kama wakishafika wanaweza kupita shamba la mama yangu, ni karibu, wachukue picha ya vifuniko ambavyo bado vinatoka kila tunapolima. Akasema ni wazo zuri sana, atalifikisha.

Kwa hiyo kesho watakapofika hawatanikuta. Waambie lolote, waambie mama ameamkia kazini, ni kweli. Nitakuwa Golbanti na nyanya yako tunaokota, mvua hazijafika na udongo bado unapindulika. Usiwaache wakusubirishe na usinifuate. Panda gari, ukae dirishani kama unavyopenda.

Lakini kabla yao nitakuamsha. Nitapika chai ya maziwa na mahamri, tule jikoni, mimi na wewe, mlango umefungwa. Hapo nitakukumbatia, na nikilia nitalia. Hakuna atakayeona.

Mama yako,
Esta